Masale Saba ya Uwandani

Jumatatu, 3 Januari 2000

Watu walisema mwaka ukifika elfu mbili dunia itazimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Mimi Elimringi niliwaambia tangu mwezi wa kumi kwamba haizimiki, na leo jua limechomoza kama nilivyoagiza. Basi naandika. Nikifa bila kuandika itakuwa hasara kwa wilaya nzima.

Kazi niliyopewa ni hii. Huku chini ya Masama, porini tunakoshukia kukata majani ya ng'ombe wa nyumbani, ipo ranchi ya zamani iliyokufa pamoja na ushirika wake. Familia kumi na tisa tumeungana kuifufua. Kiongozi wetu ni Goodness, mtoto wa marehemu kaka yangu, binti wa miaka ishirini na sita aliyesoma chuo cha mifugo. Ameigawa mbuga vipande vinne. Ng'ombe wote sitini wa kikundi wanakwenda kundi moja, wanakula kipande kimoja, wanahama, kile cha nyuma kinapumzika. Kipande cha Tatu hakiguswi kabisa sasa. Ni cha ndege.

"Ndege gani?" nilimwuliza.

"Tandawala, Baba Mdogo. Yule wa shingo ndefu, anayetembea kama mwalimu mkuu. Anataga chini kwenye udongo, katikati ya mashina ya majani. Majani yakirefuka mno anashindwa kupita na haoni adui. Yakiisha kabisa, adui anamwona yeye. Ng'ombe wakiongozwa kwa zamu wanamwachia kimo kinachomfaa. Miaka yote ranchi ilipotelekezwa hakuonekana. Mwaka jana ameanza kurudi."

"Na sisi tunapata nini? Manyoya?"

Akacheka. Akasema mwisho wa mwezi wa pili watakuja wakaguzi. Wakikuta kiota kimoja tu chenye mama juu yake, kikundi kinapewa mkataba wa miaka thelathini na tatu. Wasipokuta, ardhi anapewa mwekezaji wa maharage, na plau inaingia.

Mimi ndiye mhesabu ndege na mlinzi wa Kipande cha Tatu. Nimepewa fomu na darubini. Darubini nimeipokea kwa heshima tu. Nilipokuwa utingo wa lori, mwaka sabini na tatu, nilisimama stendi ya Moshi nikamwona twiga aliyekuwa Voi.

Mvua: hakuna. Ndege: bado sijawaanza.

Alhamisi, 6 Januari

Joto. Kileleni Kibo hakuna wingu hata la kufutia jasho. Ndege: hakuna.

Jumapili, 9 Januari

Sikwenda ibadani, nilikwenda uwandani, Mungu anajua ni kazi. Nimeona tandawala wawili, dume na jike, wakitembea mbalimbali kama wanandoa waliokasirikiana. Kwenye fomu nimeandika tisa. Wawili ni idadi ya mtu asiye na macho.

Goodness alipoisoma alishika kichwa kwa furaha. "Tisa, Baba Mdogo!" Nikamwambia walikuwa kumi na mbili ila watatu waliruka kabla sijachonga penseli.

Jumatano, 19 Januari

Mvua: hakuna. Fomu: kumi na moja. Macho: mmoja.

Jumatatu, 24 Januari

Filemon, mchunga ng'ombe wetu, mtu wa Kahe, ana maneno machache na yote hayana sukari. Leo ameniambia, "Mzee Mringi, mimi nipo hapa tangu alfajiri mpaka jua linazama. Hao kumi na moja wako wanapita saa ngapi?"

"Wanakuogopa wewe. Unanuka ng'ombe."

"Sawa. Na wewe unanuka mbege, wanakuja kulewa."

Amechekwa na ng'ombe wake tu. Lakini nimeona nisimweleze mambo mengi.

Jumapili, 6 Februari

Leo ni siku kubwa, niandike vizuri.

Upande wa mashariki wa Kipande cha Tatu kipo kichuguu chenye nundu mbili, kama ngamia amelala. Nilikuwa nimekaa hapo nakula ndizi ya kuchoma. Hatua kumi mbele yangu jani likatikisika na upepo haukuwepo. Nikatazama. Jiwe. Nikatazama tena, jiwe likapepesa jicho.

Alikuwa jike, amelala juu ya mayai. Sikupumua. Nilirudi nyuma kwa makalio kama mtoto, hatua hamsini, suruali imechanika. Ilipofika saa nane alitoka kunyoosha miguu nikaona mayai mawili ya rangi ya udongo, yana madoa, makubwa kuliko ya kuku. Nakiri hapa tu: machozi yalinitoka. Labda ni vumbi.

Nikaenda kwa Goodness nikamwambia nimepata viota saba.

Sijui kwa nini nilisema saba. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na kimoja kilionekana kidogo sana ndani yake.

Jumanne, 8 Februari

Goodness ameniambia niweke alama karibu na kila kiota ili mtu asikanyage. Jiwe lenye chokaa, anasema. Chokaa! Nikamwambia, hapa kwetu alama ni isale. Mmea huo ndio mpaka wa kihamba, isale halirukwi. Hata mlevi akirudi nyumbani usiku anagonga mti lakini isale analizunguka.

Nimechukua vichipukizi saba kwenye kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, nimevipanda uwandani mahali saba pazuri, penye majani ya kupendeza. Kwenye kichuguu cha ngamia sikupanda kitu. Nilifikiri kama jenerali: mwizi wa mayai atafuata masale, atakuta majani matupu, na kiota cha kweli kitabaki salama. Kitu kisichojulikana hakiibiwi.

Goodness alitaka kwenda kuhakikisha kwa macho. Nikamwambia, "Ukimsogelea mama anasusa mayai. Si ndivyo mlivyofundishwa?"

Akasema ndivyo. Akarudi.

Ijumaa, 11 Februari

Mvua: hakuna. Mfereji wa juu umebaki tope. Watu wanakatakata migomba kuwalisha ng'ombe vigogo vyake. Ng'ombe wa kikundi wamebakiwa na nusu ya Kipande cha Nne. Kipande cha Tatu kinasimama katikati ya ukame, majani yamefika magotini, na kila anayepita barabarani anasimama kukitazama kama harusi ya watu wengine.

Jumatatu, 14 Februari

Vile vile. Jua. Ndege: mmoja, amelala. Fomu: saba, wamelala.

Alhamisi, 17 Februari

Amekuja Mektrida, mjane wa kaka yangu, mama yake Goodness. Aliolewa kwetu kutoka Kibosho, Mkatoliki akaja kwa Walutheri, na tangu siku hiyo hajawahi kuomba kitu kwa mtu. Alinikuta langoni mwa Kipande cha Tatu. Hakubeba mundu. Alibeba jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, nakuamkia kwa niaba ya wanangu, shemeji," alisema, maana tunalingana umri na kwa kawaida haniamkii hivyo. Nikajua kuna jambo.

"Marahaba. Weka hilo jani chini, tuongee."

"Siweki. Pokea kwanza."

Malkia, ng'ombe wake, ana mimba ya miezi minane na tangu juzi hasimami. Migomba yake imekwisha yote isipokuwa ya mbegu. Ng'ombe mwingine hana. Huyo ndiye maziwa, ndiye mbolea, ndiye aliyemsomesha Goodness.

"Mzigo mmoja tu, shemeji. Goodness yuko mjini, Majengo, anaandika ripoti. Ningemwomba yeye angenikatalia, na angekuwa na haki. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mtu akikuletea isale lenye fundo hukatai, hata awe amechoma nyumba yako. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini niseme ukweli, hata angekuja na mikono mitupu ningempa. Alinitazama kama mtu mkubwa, na mimi nikitazamwa hivyo huwa natoa hata kisicho changu.

"Kesho asubuhi," nikasema. "Kata popote pasipo na isale."

"Aika, shemeji. Ahsante sana, aika."

Niliongeza na maneno haya, nayaandika ili yanichome vizuri: "Na kama una rafiki mwenye shida, mwambie Mringi ana moyo."

Ijumaa, 18 Februari

Walikuja wanawake kumi na mmoja.

Walikuwa wamesimama langoni kabla jua halijapanda, kila mmoja na mundu na kamba, wameshuka kutoka juu kwa miguu, saa mbili na nusu za kutembea. Mektrida alikuwa mbele, ameinamisha kichwa kwa aibu. Aliniambia polepole, "Nilimwambia mmoja tu." Ningewafukuza vipi? Kila mmoja alikuwa na jani lake mkononi. Majani kumi na moja yenye mafundo.

Nikafungua.

Walijipanga mstari wakaanza kukata, na wallahi sijaona kazi safi kama ile. Wakifika kwenye isale wanalizunguka kwa hatua kumi na tano, wanaacha majani yamesimama duara, wanaendelea. Hakuna hata mmoja aliyelisogelea. Mmoja aliliinamia isale la pili kama anapita mbele ya madhabahu. Filemon alikuwa ng'ambo ya uzio na kundi lake, ameegemea fimbo, anatazama.

Niliwachekesha. Niliwasimulia nilivyombeba Mzungu mwenye kilo mia mpaka Gilman's, karibu na kilele cha mlima, na yeye amelala usingizi. Walicheka, miundu ikaenda haraka zaidi. Nilikuwa nasimulia habari ya Mzungu huku naangalia mstari unasogea mashariki. Mektrida ndiye aliyekuwa mwisho wa mstari, upande wa kichuguu.

Nikaita, "Shemeji! Njoo huku, huku ni marefu!"

Akainua kichwa. "Huku kwenye kichuguu yana ubichi, shemeji! Malkia anataka mabichi!"

"Hayo ni machungu!"

"Tangu lini?" akasema mwenzake, wakacheka wote.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Hapo pana kiota. Maneno matatu, tuseme. Lakini nilijua neno linalofuata litakuwa la Filemon: mbona hapana isale? Na baada ya hilo ningelazimika kusema yale saba ni nini. Mbele ya wanawake kumi na mmoja watakaopanda mlimani na mizigo kichwani wakisimulia nyumba kwa nyumba, Masama yote mpaka barabara kuu.

Mdomo huu haujawahi kunikatalia. Umezungumza na mabwana shamba, mapolisi, na askofu mara moja. Leo ulifunguka ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nilihesabu. Hatua ishirini. Hatua kumi na mbili. Alikuwa anakata huku ameinama, mkono wa kushoto unakusanya, wa kulia unavuta. Hatua sita. Bado ningeweza. Hatua tatu.

Ndege aliruka mbele ya mundu, usoni mwake. Mektrida akapiga yowe, akaanguka nyuma. Wanawake wakashangilia, "Kuku wa Mringi huyo! Mkamate!" Tandawala alizunguka juu mara mbili, chini sana, nikaona mpaka tumbo lake. Kisha akaenda upande wa Sanya, akawa kidogo, akaisha.

Mektrida alinyanyuka, akajipangusa, akaendelea kukata.

Walipoondoka nilikwenda. Yai moja limekanyagwa, lilikuwa na mtoto ndani, karibu awe mtoto. La pili sikuliona.

Filemon alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama chini, akatazama masale yangu saba yaliyosimama kila moja kwenye duara lake la majani, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye kichaa. Nilingoja aseme. Hakusema. Ningempa ng'ombe kama angesema.

Jumamosi, 19 Februari

Sikutoka.

Jumatatu, 21 Februari

Goodness amerudi. Alipoona Kipande cha Tatu kimekatwa alikaa chini palepale barabarani. Nikamweleza habari ya majani yenye mafundo.

"Nani aliyeanza kuja?"

"Walikuja pamoja," nikasema. Huo ndio uongo pekee mwaka huu ambao siujutii.

Akasimama. Akatazama kwa darubini yale maduara saba, moja baada ya jingine. "Angalau viota wameviheshimu," akasema. "Ahsante kwa masale, Baba Mdogo. Chokaa wasingeijali."

Jumatano, 23 Februari

Wakaguzi watatu walikuja na gari jeupe, kofia, viatu vya kamba. Goodness alivaa gauni lake la kuhitimu. Alitembea mbele yao akieleza ng'ombe na zamu na kimo cha majani, anaeleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaelewa. Wakafika isale la kwanza. Wakaingia taratibu kwenye duara. Wakatoka.

La pili. La tatu.

Kwenye la nne Goodness aliacha kueleza. La tano aliingia peke yake, akapiga magoti, akapapasa majani kwa mikono miwili. La sita hivyo hivyo. La saba hakuingia. Alinigeukia.

"Baba Mdogo."

"Wamehama," nikasema. "Jana jioni. Niliwaona kwa macho yangu, walipanga mstari, kila mama na..."

Mkaguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alikohoa ili ninyamaze. Haikuwa dharau. Ilikuwa huruma, na nilitamani iwe dharau.

Ijumaa, 25 Februari

Mektrida amekuja na kitambaa. Akakifungua mezani. Ganda la yai, nusu, rangi ya udongo lenye madoa.

"Lilikuwa ndani ya mzigo wangu. Nilimwonyesha mwanangu jana."

"Hukujua."

"Mimi sikujua. Wewe ulikuwa umesimama pale, shemeji. Ulikuwa unaniita. Nimelala nikifikiri, alikuwa ananiita kwa nini?" Akalikunja ganda tena. "Ulikuwa unajua."

Sikuwa na hadithi. Aliniachia chupa ya maziwa mlangoni. Malkia amesimama na amezaa kabla ya wakati, ndama jike, mdogo lakini ananyonya. Maziwa nimempa jirani.

Ijumaa, 10 Machi

Barua imefika. Ardhi anapewa mwekezaji. Kundi la kikundi linagawanywa, kila mtu arudishe ng'ombe wake nyumbani amfungie bandani. Filemon anarudi Kahe. Aliniaga kwa mkono. "Kimoja kilikuwa kinatosha, Mzee Mringi," alisema. Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia bila kunitania.

Jumapili, 12 Machi

Nilichuma isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Goodness. Mtu mzima kumpelekea mtoto wa kaka yake isale, sijasikia, na nimesikia mengi. Alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku, amepata kazi Singida.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Sikuitika. Nilinyoosha mkono.

Alilitazama jani muda. "Unajua siruhusiwi kukataa."

"Najua."

"Basi nimepokea." Aliliweka juu ya nguo, akafunga sanduku. "Ningependa ningekuwa naruhusiwa."

Jumapili, 2 Aprili

Mvua. Usiku kucha na mchana kutwa. Kila mtu anaimba kasoro nyumba hii.

Jumapili, 9 Aprili

Nilishuka uwandani bila kazi. Majani yameota yote kwa pamoja, Kipande cha Tatu hujui palipokatwa. Masale yangu matano kati ya saba yameshika mizizi. Nimeyang'oa.

Trekta la mwekezaji limeanza Kipande cha Kwanza. Dereva ni kijana wa kwetu anaitwa Davis, bukta ya jeans na redio kwenye usukani.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimemwona.

Yuko kusini ya kichuguu, karibu na pale pa zamani. Sijui kama ni yuleyule. Amelala. Aliposimama niliona mayai mawili. Mawili, siyo tisa.

Nilikaa mpaka mchana. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani?

Jumamosi, 15 Aprili

Nilipanda isale moja, hatua kumi na tano kutoka kwake. Kisha nikamfuata Davis.

"Meku, mzee wangu, shikamoo. Habari za ndege?"

"Marahaba. Jumatatu unaingia Kipande cha Tatu. Nimeweka isale mahali. Pazunguke. Wiki tatu tu, mpaka vifaranga waanguliwe."

Alizima redio. Alikuwa na adabu, lazima niseme. "Mzee, mimi babu yangu alinichapa kwa sababu nilivuka isale na baiskeli. Lakini haya ya kwako..." Akatabasamu kwa aibu. "Bosi alituambia siku ya kwanza. Mkikuta isale la huyo mzee, pitisheni tu. Si kwamba namdharau mtu."

"Hili ni la kweli."

"Yale mengine ulisema ni ya nini?"

Nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 17 Aprili, asubuhi

Nimeshuka na kigoda. Nimekiweka pale nilipopanda isale, kati ya kiota na trekta, nimekaa juu yake, daftari gotini. Mvua imeacha. Kibo iko wazi yote.

Davis ameshanipungia mkono mara mbili nisogee. Mara ya tatu alisimama akapiga kelele kitu, injini ikakimeza. Sikujibu. Kila nitakachosema kitakuwa hadithi, kwa hiyo nimekaa tu. Sasa yuko mstari wa sita, na kila anapogeuza, udongo unatetemeka kwenye miguu ya kigoda.

Ndege: mmoja. Mayai: mawili. Yuko nyuma ya mgongo wangu na sigeuki kumtazama, asije akaruka.